Kabati la Gemu la Zamani Linapogoma: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Nilipofungua mlango wa nyuma wa kabati langu kwa mara ya kwanza nilikuta nyaya zaidi ya sitini, zote nyeusi. Aliyelitengeneza alikuwa na bunda moja tu la waya, akalitumia mpaka likaisha. Yeye alijua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Mimi sikujua hata mmoja. Mashine ya kiwandani huja na mchoro wake; kabati la kujitengenezea mchoro wake umo kichwani mwa mtu ambaye huenda hutaonana naye tena.

Makabati ninayoyazungumzia hapa ni yale yaliyojengwa na watu binafsi baada ya programu ya MAME kutoka mwaka 1997 na kuwezesha gemu za mashine za sarafu kuchezwa kwenye kompyuta ya kawaida. Ndani utakuta kompyuta ya mezani iliyovuliwa boksi lake, au ile kompyuta ndogo ya bodi moja iitwayo Raspberry Pi kama kabati lilijengwa kuanzia 2012. Utakuta TV ya chogo au monita bapa, spika za kompyuta zilizofungwa kwa skrubu juu ya plaiwudi, na ubao wa vitufe uliotobolewa kwa drili ya nyumbani.

Baada ya kufufua kabati langu na kusaidia kwenye mengine kadhaa, nina imani moja: humu kinachokufa kwanza ni kiungo, kifaa hufuata baadaye. Ni klipu iliyolegea, lehemu iliyopasuka, nyaya mbili zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu chochote kipya, shika mita ya kupimia umeme upime maungio.

Kabla ya kuchomeka plagi

Kabati lililokaa stoo kwa miaka usiliwashe siku ileile unayolipata. Fungua nyuma, washa tochi, tumia macho na pua. Panya hupenda humu kwa kuwa pana giza na utulivu, na akishajenga kiota lazima atafune ganda la waya. Tafuta waya uliobaki shaba tupu. Tafuta soketi ya kugawia umeme ambayo matundu yake yamegeuka rangi ya kahawia. Hiyo itupe, hata kama bado inafanya kazi. Ukinusa shombo karibu na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) au pawasaplai (boksi linaloigawia umeme), kuna kapasita iliyovuja, yaani kile kikopo kidogo cha kuhifadhi chaji.

Piga picha kila pembe kabla ya kuchomoa hata klipu moja. Halafu chukua tepu ya karatasi na kalamu, kila waya uupe jina: "P1 juu", "P1 kitufe 3", "sarafu" (P1 ni mchezaji wa kwanza). Kwangu kazi hiyo ilikula jioni mbili nzima, na ndizo jioni zilizonifaa kuliko zote.

Kisha pima ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Plagi ikiwa nje ya ukuta, weka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya plagi na ncha nyingine kwenye kila chuma ambacho mkono wa mchezaji unaweza kufika: mlango wa sarafu, bamba la joistiki, ubao wa vitufe kama ni wa chuma. Mita isome ohm moja au pungufu. Wajenzi wengi wa nyumbani waliiruka hatua hii. Kama umeshawahi kugusa mlango wa sarafu ukahisi mchonyoto mwembamba vidoleni, ethi haipo. Pawasaplai ya kompyuta ina kapasita ndogo za kuchuja zilizofungwa kati ya umeme wa ukutani na boksi lake la chuma, na boksi lisipokuwa na ethi huelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini siku pawasaplai ikipata shoti ya kweli, chuma kilekile ndicho kitakachobeba umeme wote. Maliza hili kabla ya jingine lolote. Watoto ndio watakaosimama hapo.

Jambo la mwisho ni chogo. Bomba la skrini ya aina hiyo hubeba volti 20,000 na zaidi chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa ubavuni mwake, na chaji inaweza kubaki hata plagi ikiwa imetoka zamani. Kapasita kubwa ya pawasaplai ya skrini nayo hubaki na volti mia kadhaa. Vifundo vya nje vya kurekebisha picha unaweza kuvigusa mwenyewe. Kazi yoyote ya kwenye bodi ya chogo mpe fundi wa televisheni aliyezoea kuitoa chaji hiyo. Na shingo ya bomba ni kioo chembamba mno: kiwiko kikiigonga inapasuka, na bomba limekufa hapohapo.

Hakuna kinachowaka kabisa

Anzia ukutani, ingia ndani hatua kwa hatua: soketi, fyuzi ya plagi, kebo, swichi ya kabati, soketi ya kugawia umeme. Swichi ya kabati mara nyingi ni swichi ya kawaida ya taa iliyobandikwa juu au nyuma. Plagi ikiwa nje, pima kama inapitisha ikiwashwa na kukata ikizimwa. Iguse pia kwa ndani: skrubu zake hulegea kwa mitetemo ya miaka, na waya hubaki umeegemea tu.

Umeme ukifika kwenye pawasaplai lakini feni haizunguki, usiihukumu bado. Pawasaplai ya ATX, aina ya kawaida ya kompyuta za mezani, haiwaki kwa kuchomekwa tu, husubiri amri ya mazabodi. Chomoa ile plagi yake kubwa kutoka kwenye mazabodi, acha diski ya zamani moja ikiwa imechomekwa ili iwe na mzigo, halafu unganisha waya wa kijani na waya wowote mweusi kwa kipande kifupi cha waya. Feni ikizunguka, kosa liko mbele yake.

Na mbele yake kuna kitufe cha kuwashia. Kwenye makabati haya huwa ni kitufe cha gemu kilichofichwa chini ya ubao au nyuma, na nyaya zake mbili zimechomekwa kwenye pini za mazabodi zisizo na kufuli lolote. Zinachomoka zenyewe ukilihamisha kabati. Rudisha plagi kubwa mahali pake, tafuta pini hizo mbili, ziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Kompyuta ikiwaka, mazabodi ni nzima na mgonjwa ni kitufe au waya wake.

Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: kabati ambalo zamani liliwaka lenyewe kwa swichi ya ukutani, sasa linataka kubonyezwa kitufe kila mara. Hapo hakuna kilichoungua. Kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya msingi iliyomo ndani ya mazabodi, kuna kipengele kinachoamua kompyuta ifanye nini umeme unaporudi, na mjenzi alikiweka iwake yenyewe. Betri ya mazabodi, ile bapa ya CR2032, imekwisha, na mipangilio yote imefutika. Betri nzima inasoma volti 3. Ikiwa chini ya 2.7 badilisha, ingia BIOS, rudisha kipengele hicho. Ukiwa humohumo, iambie kompyuta isisimame kwa kukosa kibodi. Hiyo nayo ni mipangilio ya mjenzi iliyopotea, na ndiyo sababu ya makabati mengi kukwama kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kudai F1.

Linawaka kisha linajizima au kujiwasha upya

Langu lilikuwa likiganda katikati ya mchezo, kila mara baada ya dakika chache. Nilipima volti 5 kwenye pawasaplai nikapata 5.02, nikaridhika, nikapoteza wiki nzima nikiilaumu memori. Siku nilipopima palepale kwenye plagi ya diski nilisoma 4.6. Kati ya sehemu hizo mbili mjenzi alikuwa amerefusha waya. Nilikata tepu nyeusi nikakuta nyaya mbili zimesokotana tu bila lehemu, shaba yake imegeuka kijani. Nilizikata, nikazimenya upya, nikalehemu, nikavisha mpira wa kusinyaa kwa joto. Tangu siku hiyo kabati halikuganda tena.

Basi pima volti mahali zinapotumika, tena mashine ikiwa inafanya kazi. Waya wa volti 5 usishuke chini ya 4.75 wala kupita 5.25, wa volti 12 ubaki kati ya 11.4 na 12.6. Zikiwa sawa kwenye pawasaplai lakini pungufu kwenye kifaa, kiungo cha katikati ndicho kinachokula. Zikiwa pungufu kotekote, pawasaplai imechoka.

Tazama pia vichwa vya kapasita kwenye mazabodi. Kinatakiwa kuwa bapa kama sarafu. Kilichovimba, au chenye ukoko wa kahawia juu, kimekwisha, hata kama kompyuta bado inajikongoja. Mazabodi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilisambazwa zikiwa na kapasita mbovu kwa wingi, na makabati mengi ya kujitengenezea yalijengwa kwa mazabodi hizohizo. Kapasita mpya iwe na uwezo uleule, volti zilezile au zaidi, iwe ya kustahimili joto la nyuzi 105 na yenye ukinzani mdogo wa ndani. Mstari ulio ubavuni mwake ni upande wa hasi. Ukiugeuza, itapasuka.

Likizima baada ya dakika ishirini au thelathini, fikiria joto kabla ya umeme. Weka mkono juu ya kabati kwa nyuma: hewa ya moto inatoka? Mara nyingi tundu la kutolea hewa limezibwa na ukuta, au halikuwahi kuwepo. Safisha feni ya prosesa, futa ile krimu iliyokauka kati ya prosesa na bamba lake la kupozea, paka mpya kidogo. Kwa Raspberry Pi, alama ya radi kwenye kona ya skrini inasema umeme umeshuka chini ya takriban volti 4.63. Tumia chaja yake halisi ya volti 5.1 na kebo fupi nene. Chaja ya simu yenye kebo ndefu nyembamba ndiyo chanzo cha kawaida.

Skrini

Amua kwanza kosa ni la nani. Chomeka monita nyingine yoyote kwenye kompyuta ya kabati. Ikionyesha picha safi, kompyuta haina hatia.

*Giza tupu.* Kwenye chogo, zima taa za chumba na uchungulie shingo ya bomba kutoka nyuma bila kugusa. Panatakiwa kuwe na mwanga mdogo wa rangi ya chungwa, kama kaa lililofunikwa majivu. Usipoonekana, umeme haujafika huko: fyuzi, kebo, au lehemu ya bodi ya shingo. Ukisikia tik-tik-tik isiyokoma, pawasaplai ya skrini inajaribu kuwaka na kuna shoti inayoizuia, aghalabu transista ya mlalo. Hapo mwite fundi. Kwenye monita bapa, mulika tochi kwa pembeni. Ukiona kivuli cha picha, taa ya nyuma ndiyo imekufa. Picha ikitokea sekunde mbili kisha ikapotea, ni taa hiyo, bodi inayoiendesha, au kapasita zake.

*Mstari mmoja mweupe ulalao katikati.* Zima mara moja. Mwali wote wa bomba umekusanyika kwenye mstari huo na utaunguza kioo kwa ndani, alama isiyofutika. Sakiti ya wima imekatika, na mara nyingi ni lehemu iliyopasuka au kapasita iliyokauka. Ni kazi ndogo kwa fundi anayejua chogo.

*Picha imeraruka mishazari, imejirudia mara mbili, au monita inaandika kwamba iko nje ya masafa.* Hapa hakuna kilichoharibika. Ni lugha mbili zisizoelewana. Skrini za mashine za sarafu na TV za kawaida huchora mistari kwa takriban kilohezi 15.7, monita za kompyuta huanzia 31.5. Mjenzi aliyetumia TV ya chogo aliweka kadi ya picha au programu maalumu ya kushusha masafa. Ukiweka monita bapa badala yake, lazima ubadilishe na mipangilio hiyo. Kinyume chake ni hatari zaidi: usiipelekee chogo ya kilohezi 15 mawimbi ya 31. Ukisikia mlio mwembamba wa kukera masikio, chomoa.

*Rangi moja imepotea*, na kila kitu kimekuwa cha kijani au cha zambarau. Tikisa kebo ya picha ya VGA kwenye pande zote mbili. Nyekundu, kijani na bluu zina pini zake za peke yake, ya 1, 2 na 3, na pini moja iliyopinda inatosha. Nyoosha kwa kibanio.

*Madoa ya rangi kwenye kona za chogo.* Sumaku ya spika iko karibu mno. Sogeza spika au tafuta zilizokingwa, kisha izime skrini nusu saa ipoe na uiwashe. Hujisafisha yenyewe kila inapoamka baridi. Doa sugu linaweza kutaka marudio kadhaa.

Kivuli cha gemu moja kilichochorwa daima kwenye kioo hakina dawa. Mimi nimekiacha changu. Kinasema gemu gani ilipendwa.

Vitufe na joistiki

Hapa ndipo makabati ya kujitengenezea hugoma zaidi, na hapa ndipo mita na subira vinalipa.

Kwanza jua vitufe vinaongea na kompyuta kwa lugha gani. Kuna bodi ndogo, enkoda, inayogeuza mbonyezo kuwa ujumbe: ama inajifanya kibodi, ama inajifanya padi ya gemu, ama ni bodi halisi iliyong'olewa kwenye kibodi ya zamani na kulehemiwa nyaya. Fungua programu ya kuandikia maandishi, bonyeza vitufe. Herufi zikitokea, ni kibodi. Kwa mipangilio ya asili ya MAME, sarafu ni 5, kuanza ni 1, joistiki ya kwanza ni mishale, na vitufe vinne vya kwanza ni Ctrl na Alt za kushoto, kitufe cha nafasi, na Shift ya kushoto. Jaribio hili linaitenga gemu kando: kitufe kikifanya kazi hapa lakini si ndani ya gemu, waya ni mzima, rekebisha mipangilio ya programu.

Vitufe kadhaa vimekufa kwa pamoja, tena vilivyo jirani. Usivifungue kimojakimoja. Kila kitufe kina nyaya mbili: mmoja wake binafsi, mwingine wa pamoja unaopita kitufe hadi kitufe kama uzi wa tasbihi. Uzi ukikatika, shanga zote za mbele ya mkato zinaanguka. Fuata waya wa pamoja kutoka kwenye bodi: kitufe cha mwisho kinachofanya kazi na cha kwanza kilichokufa, kati yao ndipo ulipokatika. Dawa ya kudumu ni kuufanya uzi kuwa duara: unganisha kitufe cha mwisho kabisa na bodi tena kwa waya wa pamoja. Sasa hata ukikatika mahali pamoja, umeme unafika kwa upande wa pili. Ni waya mmoja tu wa kuongeza, na unakuondolea usumbufu wa miaka.

Kitufe kimoja kimekufa, au kinashika mara moja kati ya tatu. Chomoa klipu zake mbili kwenye maikroswichi, ile swichi ndogo iliyo chini yake, weka mita kwenye vidole vyake vya COM (cha pamoja) na NO (kinachoungana ukibonyeza tu), bonyeza polepole. Swichi nzima inasoma chini ya ohm moja na namba inatulia. Iliyochoka inarukaruka, makumi, mamia, tena sifuri. Sikiliza pia: nzima inasema "tk" kavu, iliyokwisha inatoa sauti ya kuvuta. Badilisha swichi tu, kitufe cha plastiki kibaki. Lakini kabla ya hayo ishike klipu yenyewe uivute kidogo. Ikitoka bila kukaza, huenda mjenzi alitumia klipu za milimita 6.3 kwenye vidole vya swichi vya 4.8. Kuibana kwa koleo ni dawa ya muda, klipu ya saizi yake ndiyo dawa.

Kama kabati lako lina swichi za bamba za kizamani, zile za vipande viwili vya shaba vinavyogusana, usipitishe msasa. Utaondoa ngozi yake nzuri. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kiloweshe spiriti, kipitishe kati ya bamba huku umezibana kwa kidole, kisha rudia kwa karatasi kavu. Utaona mstari mweusi ukibaki kwenye karatasi.

Kitufe kinajibonyeza chenyewe. Sarafu zinaingia bila mtu, au mchezaji anapiga risasi bila kukoma na ananyamaza ukibonyeza. Waya uko kwenye kidole cha NC (kinachoungana wakati hujabonyeza) badala ya NO. Uhamishe. Ikiwa uko mahali pake, tafuta klipu mbili zinazogusana chini ya ubao, hasa pale ubao unapofungwa na kuzikandamiza.

Ukisukuma juu, mchezaji anashuka. Joistiki nyingi hubembea kwenye egemeo: ukisukuma mkono mbele, ncha ya chini inarudi nyuma na kubonyeza swichi ya nyuma. Swichi ya "juu" ni ile iliyo upande wako. Aliyewahi kubadilisha joistiki kabla yako huenda hakulijua hilo. Badilishana nyaya mbili.

Kona hazishiki kwenye gemu za zamani. Gemu kama Pac-Man ya 1980 ilitengenezewa joistiki ya njia nne. Kabati lenye njia nane litakuangusha kila kona, kwa sababu kidole kikiteleza kidogo tu swichi mbili zinabonyezwa pamoja. Tazama chini ya joistiki: nyingi zina bamba la plastiki linalogeuzwa ili kuchagua njia nne au nane.

Ukibonyeza vitufe vitatu, cha nne kinatokea chenyewe, au kimoja kinapotea. Hii ni bodi ya kibodi iliyong'olewa. Kibodi ya kawaida husoma vitufe kwa safu na nguzo, na vitatu vikiwa kwenye pembe za mstatili mmoja, bodi haiwezi kujua kama cha nne kimebonyezwa au la. Unaweza kulehemu dayodi moja kwa kila kitufe, lakini ushauri wangu wa dhati ni kuweka enkoda ya USB iliyotengenezwa kwa kazi hii, ambayo kila kitufe kina njia yake. Hapa ndipo penye sababu ya kweli ya kununua. Na kama enkoda yako ni ya plagi ya duara ya PS/2, usiichomeke wala kuichomoa kompyuta ikiwa inawaka. Plagi hiyo haikuundwa kwa hilo.

Katikati ya mchezo Windows inalia na kuonyesha dirisha. Kitufe cha nne ni Shift, na Shift mara tano mfululizo huita msaada wa vitufe vya kunata. Zima kipengele hicho kwenye mipangilio ya ufikivu.

Mchezaji wa kwanza na wa pili wamebadilishana. Kuna enkoda mbili zinazofanana kila kitu, na kompyuta inazipanga upya inapoamka. Panga kwa kufuata tundu la USB ndani ya programu, au tumia enkoda moja yenye njia za wachezaji wote wawili.

Sauti

Mngurumo mzito usiobadilika ukipandisha au kushusha sauti kwenye kompyuta: chomoa kebo ya sauti kutoka kompyuta, iache kwenye amplifaya. Ukinyamaza, kuna mzunguko wa ethi kati ya kompyuta na amplifaya. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya kugawia, na ikibaki weka kitenganishi cha sauti kwenye kebo. Kamwe usikate waya wa ethi kwa ajili ya kuua mngurumo. Ukiendelea hata kebo ikiwa nje, ni amplifaya yenyewe au kebo zake kupita sambamba na za umeme. Kifundo kinachokwaruza kinataka dawa ya kunyunyizia ya kusafishia maungio, kisha kizungushe mara ishirini.

Kompyuta inawaka, gemu hazifunguki

Jambo la kwanza ni kunakili diski, hata kabla ya kutafuta kosa. Diski ya miaka ishirini inayotoa mlio wa "klik, klik" inahesabu siku, na ndani yake mna mipangilio ya vitufe, orodha, picha, kazi yote ya mjenzi. Inakili yote kwenye kadi ya kumbukumbu ya CF yenye adapta ya IDE (plagi ya diski za zamani) au diski isiyozunguka, halafu fanya majaribio kwenye nakala. Kwenye Raspberry Pi, kadi ya kumbukumbu huharibika kwa kuzimwa ukutani wakati inaandika. Weka kitufe cha kuzima kwa utaratibu. Ukisasisha MAME na gemu zikakataa kufunguka, faili za gemu haziendani na toleo jipya. Rudisha toleo la zamani lililokuwa likifanya kazi. Kabati halikuwa na shida nalo.

Mbao

Mguu wa kabati uliovimba ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) iliyokunywa maji ya kupigia deki. Haisinyai tena. Kata sehemu iliyovimba kwa mstari ulionyooka, unga kipande kipya kwa gundi ya mbao na vipande vya kushikizia kwa ndani, paka kingo gundi iliyochanganywa na maji kidogo mara mbili kabla ya rangi, na uweke miguu ya mpira ili ubao usiguse sakafu tena. Vaa barakoa ukipiga msasa, vumbi la MDF ni baya kwa mapafu. Tundu la skrubu lililolegea lijaze kijiti chenye gundi, kiache kikauke, toboa upya. Ubao wa vitufe ukitikisika, uimarishe sasa, maana mtikisiko huo ndio unaolegeza klipu zote ulizokwisha kuzikaza.

Taa ya bango la juu, kama ni ya bomba lenye ncha nyeusi, iondoe na weka utepe wa LED wa volti 12 kutoka kwenye waya wa njano wa pawasaplai.

Ukimaliza, chora nyaya zako kwenye karatasi moja: rangi, jina, pini ya enkoda, herufi inayotokea. Yangu nimeibandika kwa ndani ya mlango wa nyuma, imefunikwa plastiki, pamoja na tarehe niliyobadilisha betri.